Ufafanuzi kwa umma: "elimu ya siri" ya wanafalsafa wa Kigiriki na vitabu vinavyodaiwa kufichwa

Kwa muda sasa kaunta ya huduma za rejea katika maktaba yetu ya chuo kikuu imekuwa ikipokea maombi ya aina moja. Msomaji anafika na picha kwenye simu, aghalabu imetoka kwenye kundi la WhatsApp, ina piramidi na jicho ndani ya pembetatu, na chini yake maelezo kwamba Pythagoras, Plato na Aristotle walikuwa na elimu ya ndani ambayo "wakubwa" wameificha. Anaomba kitabu chenyewe. Wengine wameshalipa ada ya darasa la mtandaoni, wametumiwa faili la kurasa chache, na wanataka tuwathibitishie kama ni halisi. Wapo pia wanaolalamika kwamba tunacho na tunawanyima. Kitengo kimeona ni vyema kutoa ufafanuzi huu kwa maandishi, ili wahudumu wa kaunta wasilazimike kurudia maelezo yaleyale kila asubuhi.

Tunaamini wengi wanaouliza wana nia njema, na mtu anayetaka kumsoma Plato kwa hiari yake, bila mtihani mbele yake, ni mgeni wa heshima kwetu. Jibu letu ni hili. Hakuna kitabu cha mwanafalsafa wa Kigiriki kilichofungiwa stoo kwa ajili ya wateule. Maandishi yao makuu yaliyosalia yamechapishwa, yametafsiriwa, na tafsiri za zamani zinapatikana mtandaoni bila malipo. Yaliyokuwa siri kweli hayakuandikwa, na walioyajua walikufa nayo. Yaliyobaki ni magumu kusoma, na huo ugumu ndio watu wanaoudhania kuwa ni kufichwa.

Tuanze na Pythagoras, maana ndiye anayeongoza kwa kuombwa. Alizaliwa kisiwani Samos, na mnamo mwaka 530 KK akahamia Croton, mji wa Wagiriki kusini mwa Italia, akakusanya wafuasi. Hatuna andiko lake hata moja, na ushahidi wa kale ulio bora unaonyesha kwamba hakuandika. Kwa hiyo fomu ya maombi iliyojazwa "Mwandishi: Pythagoras" inarudishwa. Haikataliwi kwa ubaya. Haina pa kupelekwa.

Zile zinazoitwa Beti za Dhahabu, ambazo huuzwa kama wosia wake, ni shairi fupi la mistari 71 lililotungwa na watu wengine, karne nyingi baada yake. Katika karne ya 5 BK, Hierocles wa Alexandria aliliandikia ufafanuzi mrefu, na tangu hapo limekuwa likisomwa waziwazi. Yaliyomo: waheshimu miungu na wazazi, chagua rafiki kwa tabia yake, usile kupita kiasi, na kabla hujapata usingizi jiulize umekosea wapi, umetenda nini, na lipi lililokupasa ukaliacha. Ni maneno mazuri. Bibi yeyote mwenye wajukuu angekuambia hayohayo bila kudai ada.

Kuhusu siri za Wapythagoras wenyewe, ukweli ni kwamba zilikuwepo. Mapokeo yanasema mwanafunzi mpya alikaa kimya miaka 5 kabla hajaruhusiwa kuhoji. Kulikuwa na semi fupi za kukaririwa: usikoroge moto kwa kisu, usiokote kilichoanguka mezani, usipite barabara kuu, usile kunde fulani. Hii ya mwisho imezua maswali mengi kaunta, mpaka kuna msomaji aliyetaka kujua kama aache kula wali maharage. Haya maharage yetu asili yake ni bara la Amerika. Pythagoras hakuyaona maishani mwake. Alichokataza ni zile kunde pana ambazo Wamisri hadi leo huzipika na kuziita ful. Wagiriki wenyewe hawakukubaliana sababu. Wapo waliosema zinafanana na malango ya kuzimu, na wapo waliosema ni kwa sababu zilitumika kupigia kura viongozi, na Wapythagoras hawakuipenda demokrasia.

Hilo la mwisho halitajwi kwenye madarasa ya mtandaoni. Kundi la Croton lilikuwa na sauti katika siasa za mji, na wenyeji chini ya mtu aitwaye Cylon waliliinukia kwa nguvu hadi Pythagoras akaondoka. Ukimya wa watu wa namna hiyo ulikuwa kwa sehemu ukimya wa chama. Anayesoma kila ukimya kama dalili ya hekima kuu atakuwa ameruka jambo hili.

Halafu kuna Hippasus. Kisa kinachosambazwa ni kwamba alifichua siri ya hesabu akazamishwa baharini. Aliyetuletea masimulizi hayo ni Iamblichus, mwanafalsafa aliyeishi miaka kama 800 baada ya Pythagoras, na yeye mwenyewe anatoa zaidi ya toleo moja. Siri inayotajwa katika toleo mojawapo ni kwamba mstari unaokata mraba kona kwa kona haupimiki kwa kipimo kilekile cha ubavu wake: hakuna namba kamili wala sehemu itakayotoa uwiano wao. Sasa fungua mazungumzo ya Plato yaitwayo Meno, kuanzia 82b (namba za namna hii tunazieleza mbele). Socrates anamwita mtumwa mdogo ambaye hajasoma, anachora mraba chini, na kwa maswali tu anamfikisha kijana kwenye mstari huohuo wa kona kwa kona. Anafanya hivyo mbele za watu, bila kiapo, na Plato analiandika. Kama kuna mtu alizamishwa kwa ajili ya mstari huo, basi katika karne ya 4 KK ulishakuwa somo la mtoto wa uani.

Inafaa hapa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku: falsafa, na ibada za siri. Ibada mashuhuri kuliko zote zilifanyika Eleusis, kiasi cha kilomita 20 kaskazini-magharibi mwa Athene, kila mwaka majira ya Septemba, kwa heshima ya Demeter, mungu wa kike wa nafaka, na binti yake. Hazikuwa za wateule wachache. Wanaume, wanawake na hata watumwa waliingizwa, mradi waelewe Kigiriki na mikono yao isiwe na damu ya mtu. Kwa kizazi baada ya kizazi maelfu waliingia, Cicero, mwanasiasa wa Kirumi, mmoja wao, na hakuna aliyetuachia maelezo kamili ya kilichoonyeshwa usiku ule. Msomaji aliyekulia kwenye jamii zenye jando na unyago hana haja ya kuelezwa sana: kila mtu mtaani anajua kuna ngoma, anajua mwari yupo ndani, anajua lini anatoka, na bado ya unyagoni hayasemwi nje. Ukimnunua somo akusimulie yote, utakuwa umepata maneno matupu, kwa sababu hujapita. Aristotle alisema jambo karibu na hilo: waliokuwa wakiingizwa hawakutakiwa kujifunza kitu, walitakiwa wapatwe na kitu.

Adhabu ya kufichua tunaieleza kwa kirefu, maana ndiyo inayotumika kuwatisha watu kwamba "elimu hii inaua". Athene ilikuwa na utaratibu. Mashtaka yaliletwa kama kosa dhidi ya miungu. Mshtakiwa aliyepatikana na hatia aliweza kuuawa, mali yake ikataifishwa na kuuzwa kwa mnada, na makuhani wakaagizwa kumlaani hadharani. Kesi inayojulikana zaidi ni ya mwaka 415 KK. Alcibiades, jemadari kijana na tajiri, alishtakiwa kwamba yeye na wenzake waliigiza ibada za Eleusis nyumbani wakiwa kwenye ulevi, yeye akivaa joho la kuhani mkuu. Wakati huo alikuwa tayari vitani Sicily. Alipoitwa arudi kujibu, akatoroka. Akahukumiwa akiwa hayupo. Orodha za mali za waliohukumiwa katika sakata lile zilichongwa kwenye mawe, na vipande vyake vimechimbuliwa katikati ya Athene: unasoma vitanda, vyombo na majina ya watumwa, kila kimoja na bei yake. Kuhani mmoja wa kike, Theano, alikataa kulaani, akisema yeye ni kuhani wa kuombea na si wa kulaani. Miaka kadhaa baadaye mji ukamhitaji tena Alcibiades, ukamrudishia mali, laana ikaondolewa, naye akayaongoza maandamano ya kwenda Eleusis kwa njia ya nchi kavu. Sheria kali, lakini ilijua kupinda.

Mshairi Diagoras wa Melos, aliyezifanyia mzaha ibada hizo, alitangaziwa zawadi: talanta moja ya fedha kwa atakayemuua. Na mwaka 200 KK vijana wawili kutoka Acarnania, magharibi mwa Ugiriki, waliingia ndani ya ibada na umati wa watu bila kujua, wakagundulika kwa maswali yao ya kigeni, wakauawa. Nchi yao ikalipiza kwa kuivamia Attica, nchi ya Waathene, ikisaidiwa na mfalme wa Makedonia. Kwa hiyo ndiyo, Athene waliua kwa ajili ya siri. Waliua kwa ajili ya ibada ya dola, yenye makuhani na hazina yake. Hatuna habari ya mtu aliyeuawa kwa kusoma kitabu cha falsafa kilichofichwa. Socrates mwenyewe, ambaye mara nyingi huingizwa kwenye orodha hii, alishtakiwa mwaka 399 KK kwa kutoiheshimu miungu ya mji na kuharibu vijana, na katika utetezi wake anasema kwamba hajawahi kumfundisha mtu faraghani jambo ambalo wengine hawakuweza kulisikia.

Ibada za Eleusis zilikoma mwishoni mwa karne ya 4 BK, baada ya Theodosius, mfalme wa Roma, kupiga marufuku ibada za miungu na jeshi la Alaric, kiongozi wa Wagothi, kupita hapo mwaka 396. Hakuna ukoo wa siri uliotuletea habari zao hadi kwenye kundi la Telegramu. Tunasema hivi kwa sababu tumeulizwa.

Sasa Plato. Hapa swali la siri lina uzito, na wasomi wa kweli wanalibishania. Katika mazungumzo yaitwayo Phaedrus, 274 hadi 277, Plato anayasema vibaya maandishi: kitabu ukikiuliza kitu kinanyamaza, au kinarudia lilelile, na hakijui kimwendee nani kimwepuke nani. Katika Barua ya 7 (341c) anasema kuhusu mambo anayoyajali zaidi hakuna andiko lake wala halitakuwepo. Ingawa wataalamu wengi wana shaka kama barua hiyo aliiandika yeye. Na Aristotle, aliyekaa kwenye shule yake miaka 20, anataja kwa kupita "yale yaitwayo mafundisho yasiyoandikwa" (Fizikia 209b). Huko Tübingen, Ujerumani, Hans Joachim Krämer mwaka 1959 na Konrad Gaiser mwaka 1963 walijenga hoja kubwa kwamba mafundisho hayo ya mdomo ndiyo moyo wa falsafa ya Plato. Kabla yao, mwaka 1945, Harold Cherniss wa Marekani alikuwa ameshapinga vikali kwamba Plato alikuwa na mafundisho ya aina hiyo. Mjadala haujafungwa.

Lakini hebu tuone ni mafundisho gani. Aristoxenus, mwanafunzi wa Aristotle, anasimulia, na anasema alikuwa akiyasikia kwa Aristotle, kwamba Plato alitoa mhadhara juu ya Wema. Watu wakaja wakitarajia kusikia habari za mali, afya, nguvu, au heri fulani ya ajabu. Plato akaanza: hesabu, namba, jometri, nyota, na mwisho wake kwamba Wema ni Mmoja. Wengine wakadharau, wengine wakalalamika. Tunapendekeza kila anayetangaza "siri za Plato za kuvuta utajiri" aanze kwa kusoma aya hiyo. Walioutaka utajiri walikuwepo tangu siku ile, na waliondoka mikono mitupu.

Kwa Aristotle mambo yamepinduka kabisa, na watu hawataki kusikia. Alikuwa na kazi za aina mbili: mazungumzo aliyoyatoa kwa watu wote, na maandishi ya darasani kwa wanafunzi wake. Yaliyopotea ni yale ya watu wote. Zimebaki nukuu tu. Yaliyobaki ni yale ya ndani, yaliyopangwa na Andronicus wa Rhodes katika karne ya 1 KK. Maana yake ni kwamba "mafundisho ya ndani" ya Aristotle yako kwenye rafu yetu ya wazi, na ukiyafungua utaelewa kwa nini hakuna aliyesumbuka kuyafungia. Kuna barua ya kale, yaelekea ni ya kubuni, ambamo Alexander Mkuu analalamika kwa mwalimu wake kwamba ameyachapisha: sasa nitawazidi wengine kwa lipi? Aristotle anamjibu kwamba yamechapishwa na hayajachapishwa, maana atayaelewa yule tu aliyehudhuria. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili aliyekabidhiwa Metafizikia ataikubali barua hiyo hata kama ni ya kughushi.

Tunaomba wasomaji wajifunze utaratibu mmoja, ambao ungetupunguzia nusu ya kazi. Plato hanukuliwi kwa ukurasa wa kitabu ulichoshika. Ananukuliwa kwa namba za toleo la Henri Estienne, aitwaye Stephanus kwa Kilatini, lililochapwa Geneva mwaka 1578 kwa majuzuu 3. Kila ukurasa wa toleo hilo umegawanywa kwa herufi a hadi e. Kwa kuwa hesabu ya kurasa huanza upya katika kila juzuu, lazima utaje jina la kazi kwanza, kisha namba, kisha herufi: Jamhuri 514a, mwanzo wa mfano wa pango. Namba hizo huandikwa pembeni mwa karibu kila tafsiri ya kisomi, kwa lugha yoyote. Aristotle ananukuliwa kwa toleo la Immanuel Bekker lililoanza kuchapwa Berlin mwaka 1831: ukurasa, safu a au b, kisha mstari. Waliomtangulia Socrates wananukuliwa kwa mkusanyo wa Hermann Diels wa mwaka 1903, uliorekebishwa baadaye na Walther Kranz, ambamo kila mwanafalsafa ana namba yake ya sura: Heraclitus 22, Philolaus 44. Pythagoras ni 14, na sura yake ni habari za watu wengine kumhusu.

Matumizi yake ni haya. Ukiletewa maneno "ya Aristotle" bila namba ya Bekker, omba namba. Asipokuwa nayo aliyekuletea, usiyasambaze. Maneno yanayopendwa sana na wahamasishaji, kwamba sisi ni kile tunachokirudia kukitenda na hivyo ubora ni mazoea, si ya Aristotle. Ni ya Will Durant, Mmarekani, aliyekuwa akimfupisha Aristotle mwaka 1926. Hakuna namba ya Bekker. Na "jitambue", ambalo limekuwa jina la semina za malipo, halikuwa fumbo la mtu yeyote: lilichongwa kwenye hekalu la Delphi, mahali ambapo kila mgeni aliyepita alilisoma.

Vitabu vya "Hermes Mkuu Mara Tatu" vinastahili maelezo, kwa sababu ndivyo vinavyouzwa kama chimbuko la hekima yote ya Wagiriki. Mwaka 1460 hivi mtawa mmoja alimletea Cosimo de' Medici, tajiri aliyeutawala mji wa Florence, Italia, mswada wa Kigiriki wenye maandishi hayo. Cosimo alikuwa mzee, na msomi Marsilio Ficino alikuwa tayari kumtafsiria Plato. Akaagizwa amweke Plato kando kwanza, aanze na Hermes. Waliamini huyu Hermes ni mhenga wa Misri wa zama za Musa. Tafsiri ikakamilika 1463, ikachapwa 1471, na kwa zaidi ya karne moja Ulaya ikaamini. Kisha mwaka 1614 Isaac Casaubon, msomi wa Kigiriki, akauliza swali la kikarani: mtu wa zama za Musa anawezaje kutumia msamiati wa wanafalsafa waliokuja zaidi ya miaka elfu baadaye? Maandishi yale ni ya karne za kwanza baada ya Kristo. Wanazuoni wa leo wanakubali zaidi kuliko Casaubon kwamba ndani yake kuna fikra za Kimisri pia, hasa baada ya maandishi ya aina hiyo kupatikana kwa Kikopti huko Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945. Yana thamani. Umri wake tu ndio uliotiwa chumvi.

Ila faili mnalotumiwa kwa simu mara nyingi hata si hilo. Ni Kybalion, kitabu kidogo chenye "kanuni 7", kilichotolewa Chicago mwaka 1908 na watu waliojiita Watatu Walioingizwa. Anayetajwa zaidi kuwa mwandishi ni William Walker Atkinson, aliyeandika vitabu vingi vya nguvu ya mawazo kwa majina mbalimbali. Hakina uhusiano na Misri ya kale zaidi ya jalada lake. Unaweza kukisoma, unaweza hata kukipenda. Kukilipia laki kadhaa ni uamuzi wako.

Wasomaji wanaojua Kiarabu hutuletea mfano mwingine, nao ni mzuri. Kitabu kiitwacho Siri ya Siri, Sirr al-Asrar, kinajidai kuwa barua ya Aristotle kwa Alexander kuhusu utawala, afya, nyota na hirizi. Kilitungwa kwa Kiarabu, kikafika Ulaya kwa Kilatini katika karne ya 12 na 13, kikanakiliwa mara mamia, na Roger Bacon, msomi wa Kiingereza, akakiandikia maelezo. Aristotle hakuandika hata sentensi yake. Kinyume chake, katika karne ya 9 huko Baghdad zilitafsiriwa sehemu za Plotinus, mwanafalsafa mzito wa karne ya 3 BK, zikapewa jina la Theolojia ya Aristotle. Hapo maudhui ni falsafa halisi na jina ndilo la uongo. Plotinus huyo, tukimtaja, aliwahi kuahidiana na wenzake wawili wasifichue mafundisho ya mwalimu wao Ammonius. Mmoja akavunja ahadi, wa pili akafuata, na Plotinus naye mwishowe akaandika. Maandishi yake 54 yapo yote.

Suala la Misri tunaulizwa kwa hisia kali, na tunalijibu kwa tahadhari. Kwamba Wagiriki walijifunza Misri si uzushi wa juzi. Isocrates, mwalimu wa ufasaha wa Athene, anasema Pythagoras alikwenda huko kusoma. Aristotle anasema hisabati ilianza Misri kwa sababu makuhani walikuwa na nafasi ya kufikiri (Metafizikia 981b). Mafunjo ya hesabu yaliyonakiliwa na Ahmes ni ya miaka kama 1550 KK, zamani mno kabla ya Pythagoras, na kibao cha udongo cha Babeli kinachohifadhiwa New York, Plimpton 322, kinaonyesha namba tatutatu za pembetatu ya mraba zaidi ya miaka 1000 kabla ya huyo anayepewa kanuni yake. Deni lipo, na wadaiwa wenyewe walilikiri.

Ila dai kwamba Aristotle aliiba vitabu vyake kutoka maktaba ya Alexandria halisimami, na tunachoka kulirudia. Alifariki mwaka 322 KK. Mji wenyewe uliasisiwa 331 KK, na maktaba ilianzishwa na wafalme wa ukoo wa Ptolemy baada ya kifo chake. Vilevile picha ya "chuo kikuu cha siri" cha Wamisri, chenye ngazi za kupanda na majaribio ya moto na maji, ilienea kutokana na riwaya ya padri wa Kifaransa, Jean Terrasson, ya mwaka 1731, aliyoitoa kana kwamba ni tafsiri ya mswada wa Kigiriki. Frimasoni wa karne hiyo waliipenda. Mwafrika anayetaka kuitetea Misri ana mafunjo, mahekalu na maandishi ya ndani ya piramidi. Kuegemea riwaya ya Paris ni kujinyima ushahidi bora. Na kwa wanaouliza: maktaba haitoi fomu za kujiunga na Frimasoni.

Utaratibu wa kusoma ni huu. Vitabu vya wanafalsafa wa Kigiriki viko rafu za wazi, na mwananchi asiye mwanafunzi anaruhusiwa kuvisoma ndani kwa kitambulisho cha taifa na kadi ya mgeni inayotolewa mlangoni. Hahitaji barua ya mtu. Matoleo ya zamani yaliyo dhaifu yanaombwa kwa fomu, siku moja ya kazi kabla, na husomwa mezani mbele ya mhudumu, kwa penseli tu. Kalamu ya wino ikionekana mezani, kitabu kinarudishwa stoo na kadi inazuiwa mpaka mkuu wa kitengo aisaini upya. Kupiga picha kurasa chache kwa matumizi binafsi kunaruhusiwa. Kutoa kopi kitabu kizima ambacho bado kina hakimiliki hakuruhusiwi, na maelezo kwamba "ni kwa ajili ya kundi" hayabadilishi jambo. Anayechana ukurasa analipa gharama ya nakala mpya pamoja na faini, na jina lake linabaki kwenye orodha. Tumewahi kukuta kurasa zimechanwa kwenye sura inayohusu namba.

Hatuthibitishi mafaili ya kununuliwa. Ukiona umetapeliwa, kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai na lalamiko hupelekwa kituo cha polisi, ukiwa na risiti ya muamala na namba ya aliyepokea. Kaunta ya maktaba haina mamlaka ya kurejesha fedha.

Hivi karibuni tumeanza pia kutumiwa picha za vibamba vya dhahabu, pamoja na maelezo kwamba ni vya Orpheus, mwimbaji wa hadithi za kale za Kigiriki, na vinauzwa. Vibamba halisi vipo: cha Hipponion kilipatikana kaburini kusini mwa Italia mwaka 1969, na kina maelekezo kwa marehemu ya chemchemi gani asinywe na maneno gani awaambie walinzi, kwamba yeye ni mtoto wa Ardhi na Mbingu yenye nyota. Kiko makumbusho, na maandishi yake yamechapishwa. Kitu kama hicho kikiwa mkononi mwa muuzaji wa mtandaoni, ama ni cha bandia ama kimeporwa kaburini. Kwa sheria ya Ugiriki namba 3028 ya 2002 vitu vya kale vinavyochimbuliwa nchini humo ni mali ya dola, na kuvitoa bila kibali ni kosa lenye kifungo. Usinunue, usikubali kumtunzia mtu, na usitutumie sisi kwa ukaguzi. Kitengo hakitoi makadirio ya bei, kwa barua wala kwa simu.